Jenuini ni ipi, feki ni ipi?

Ndugu msikilizaji, ukiingia leo katika duka la vipuri pale Kariakoo, au Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, au soko la Kisekka mjini Kampala, ukaomba breki pedi za gari lako, muuzaji hatakuletea breki pedi. Kwanza atakuuliza swali: "Nikupe jenuini, Japani, Taiwani au ya Dubai?" Kisha atakutajia bei nne, ya kwanza ikiwa mara kadhaa ya ile ya mwisho, na atakutazama usoni apate kujua mfuko wako una uzito gani.

Swali hilo tumelizoea kiasi cha kudhani kwamba limekuwepo tangu gari la kwanza liliposhushwa bandarini. Sivyo. Lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo wengi wetu tumeiona kwa macho. Katika mazungumzo yangu ya wiki hii nataka tuifuate, kwa sababu naamini asiyeijua hawezi kulijibu vizuri. Na kulijibu vibaya si suala la fedha tu. Likihusu kioo cha pembeni, ni la fedha. Likihusu breki, ni la roho za watu.

Tuanze mbali kidogo. Magari ya kwanza kabisa duniani hayakuwa na kipuri kwa maana tunayoijua sisi. Kila chuma kilichongwa na fundi kwa tupa mpaka kikae mahali pake, na chuma cha gari hili hakikukubali kuingia katika gari lile, hata kama yote mawili yalitoka katika karakana moja. Kikivunjika, unarudi kwa fundi akuchongee kingine.

Mwaka 1908 Klabu ya Kifalme ya Magari ya Uingereza ilisimamia jaribio katika uwanja wa mashindano wa Brooklands. Magari matatu ya Cadillac kutoka Marekani yalifunguliwa yote, msumari kwa msumari. Vyuma vyake vikachanganywa katika lundo moja, na baadhi vikaondolewa na badala yake vikawekwa vipya kutoka stoo ya wakala. Kisha mafundi wakaambiwa waunde magari matatu kutoka katika lundo hilo. Wakayaunda, yakawaka, na yakakimbia maili 500, yaani kama kilomita 800. Kampuni ya Cadillac ilipewa tuzo ya Dewar kwa kazi hiyo.

Siku ile kipuri kilizaliwa rasmi mbele ya mashahidi. Lakini pamoja nacho lilizaliwa swali. Ikiwa chuma chochote chenye vipimo sawasawa kinaweza kuingia mahali pa kingine, basi kwa nini kitengenezwe na mwenye gari peke yake? Jibu halikuchelewa. Mwaka huo huo wa 1908 Henry Ford alianza kuuza gari lake la Model T, ambalo hadi lilipoachwa mwaka 1927 lilikuwa limetengenezwa zaidi ya milioni 15. Na mwaka 1909, katika mji wa Kansas City, George Pepperdine alianzisha kampuni ya Western Auto, akawa anawauzia wenye magari hayo vifaa na vipuri kwa njia ya posta. Kwa hiyo biashara ya vipuri visivyotoka kwa mtengenezaji wa gari ina umri unaokaribia ule wa gari lenyewe. Wachina hawakuianzisha, wala Dubai.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, magari yalikuwa machache na wenye nayo walijulikana: serikali, misheni, walowezi, wafanyabiashara na wakubwa wachache. Yalikuwa Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, malori ya Bedford, Morris, Peugeot 404, na Volkswagen yenye mgongo wa chura. Kila gari lilikuwa na wakala wake mjini, na wakala alikuwa na stoo. Gari likiharibika unakwenda kwa wakala, unataja namba ya kipuri, unaletewa boksi lenye jina la gari lako. Hukuulizwa ni jenuini au si jenuini. Neno lenyewe halikuwa na kazi.

Lakini hata katika boksi lile kulikuwa na jambo ambalo wateja wengi hawakulitambua. Land Rover haikutengeneza kila kitu kilichokuwa ndani ya Land Rover. Vifaa vya umeme vilitoka kwa Lucas wa Birmingham. Breki zilikuwa za Girling. Mtengenezaji wa gari alichora, akanunua, akapima, akakusanya, kisha akaweka jina lake juu ya boksi. Naomba msikilizaji ulishike jambo hili, maana tutalirudia.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara kubwa ya nje iliwekwa mikononi mwa umma. Kwa upande wa magari, kazi hiyo ilikuja kufanywa na State Motor Corporation. Shabaha ilikuwa njema: fedha za kigeni za nchi maskini zisiteketee kwa anasa za wachache. Lakini muongo wa 1970 haukuwa na huruma. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Mwishoni mwa mwaka 1978 Idi Amin alituvamia Kagera, tukaingia vitani. Fedha za kigeni zikakauka. Na kipuri, msikilizaji, hakinunuliwi ng'ambo kwa shilingi wala kwa hotuba.

Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka magari juu ya mawe. Gari zima, bodi haina kasoro, injini nzuri, limekaa juu ya matofali mwaka mzima kwa kukosa beringi moja. Mjini Dar es Salaam shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa na mabasi yaliyolala karakana kwa kukosa vipuri huku wananchi wakipanga foleni vituoni tangu alfajiri. Vijijini pamba na kahawa zilisubiri malori ambayo nayo yalisubiri vipuri.

Katika dhiki ile fundi wa Kitanzania alifanya maajabu. Bushi zilichongwa kutoka katika matairi chakavu. Gasketi zilikatwa kwa mkasi kutoka katika karatasi ngumu. Pistoni ya gari moja ilipelekwa kwa mkereza vyuma ikapunguzwa mpaka ikaingia katika gari jingine. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, lilihimiza karakana ndogo zikalibu vyuma, na kule Kibaha kituo cha Nyumbu kilithubutu hata kuunda lori la kwetu. Swali la "orijino au kopi" halikuwepo. Swali lilikuwa "kipo au hakipo?"

Miaka ile ilituachia mambo mawili. La kwanza ni zuri: mafundi wenye akili ya kubuni. La pili si zuri sana: tulizoea kwamba kipuri ni kitu cha kutafutwa gizani, kwa kujuana, bila risiti, kutoka kwa mtu usiyemwuliza alikipata wapi. Mlanguzi alikuwa adui hadharani na mkombozi faraghani. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, iliendesha msako mkali wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, bidhaa zikafichuliwa, lakini ukame wa bidhaa haukuisha kwa msako. Tabia ya kununua bila kuuliza ilibaki, na naona kwamba ndiyo inayotugharimu mpaka leo.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984. Katika bajeti ya mwaka huo, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alitangaza kwamba mwenye fedha zake za kigeni aweza kuagiza bidhaa, na hakuulizwa alizipata wapi. Mambo yakabadilika upesi. Mwaka mmoja kabla, 1983, mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameruhusiwa kusafirisha abiria Dar es Salaam, na ndiyo tuliyokuja kuyaita daladala. Basi la mtu binafsi halina ruzuku. Lisipotembea leo, tajiri hapati hesabu leo. Njaa ya vipuri ikawa kubwa kuliko zamani, na safari hii kulikuwa na wa kuilisha.

Njia ilipita Dubai. Eneo huru la biashara la Jebel Ali lilianzishwa mwaka 1985, na kwa watu wa pwani yetu njia ya Ghuba haikuwa ngeni. Babu zao waliijua kwa majahazi. Mfanyabiashara alikwenda na fedha taslimu, akarudi na makontena au hata na mabegi ya vipuri. Kisha ikaja mitumba ya Japani. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama kwetu, na sheria yao ya ukaguzi inadai gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, hivyo wengi huona heri kuliuza gari mapema. Gari linalomchosha Mjapani likawa gari jipya la mwalimu wa Morogoro.

Kwa hiyo katika muda wa kama miaka 10 tulitoka katika stoo tupu tukaingia katika kaunta yenye maboksi manne ya kitu kilekile. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuchagua. Tukajifundisha wenyewe, na njia rahisi tuliyoipata ilikuwa kutumia majina ya nchi. Japani ni bora. Taiwani ni ya wastani. Dubai ni ya kujaribu bahati. China ikaja baadaye, tukaiweka chini kabisa.

Njia hiyo inarahisisha mazungumzo dukani, lakini kwa ukweli haitusaidii sana. Dubai imekuwa njia ya kupitishia bidhaa zaidi ya kuwa kiwanda chake. Boksi lililopita Dubai laweza kuwa na kitu cha Nagoya au kitu cha uchochoroni. Na jina la nchi halikai mahali pamoja. Wazee wetu wa miaka ya 1930 walilijua neno "Japani" kama jina la vitambaa vya bei nafuu vilivyowaudhi Waingereza wenye viwanda vya Lancashire. Toyota ilipopeleka gari lake la Crown Marekani mwaka 1957 lilishindwa kuhimili barabara zao za kasi, na haikuchukua miaka mingi likaondolewa sokoni. Lakini Wajapani walikuwa wameanza kujifunza. Mwaka 1950 walimwalika Mmarekani W. Edwards Deming awafundishe wahandisi na mameneja wao kusimamia ubora kwa takwimu, na mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo kwa jina lake.

Sisi tuliyaona matunda yake kwenye vumbi letu wenyewe. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa uwanja wa Peugeot, Ford, Volkswagen na Mercedes. Mwaka 1970 Edgar Herrmann aliyashinda kwa Datsun 1600. Mwaka 1971 akayashinda tena kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Jina lililokuwa la dharau likawa jina la sifa. Anayeapa leo kwamba cha China ni kibovu na cha Japani ni kizima akumbuke kwamba majina hayo yamewahi kupanda na kushuka. Leo hii viwanda vya China na Taiwani vinatengeneza vipuri vya watu wengi sana, vizuri na vibaya, kulingana na mteja aliagiza nini na akalipa kiasi gani.

Basi kama nchi si kipimo, kipimo ni nini? Hapa turudi kwenye boksi la Land Rover. Chukua Toyota ya kawaida. Kampuni ya Denso ilizaliwa Desemba 1949 ilipotengwa na Toyota ikajitegemea, na leo inauzia vifaa watengenezaji wengi wa magari. NGK ya Nagoya, inayotengeneza plagi, ilianzishwa mwaka 1936. Bosch ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1886. Plagi utakayouziwa ndani ya boksi la mtengenezaji wa gari yaweza kuwa imetoka katika kiwanda kilekile kinachouza plagi kwa jina lake chenyewe, kwa bei ndogo zaidi.

Kwa hiyo aina za vipuri si mbili, jenuini na feki, kama tunavyosema mitaani. Ukiviangalia vizuri ni vya namna tano. Kuna kilicho ndani ya boksi la mtengenezaji wa gari. Kuna kilichotoka kwa kampuni inayomwuzia mtengenezaji huyo, lakini kimewekwa katika boksi lake chenyewe. Kuna mbadala wa kampuni nyingine, iliyopima, ikatengeneza na kukiuza kwa jina lake bila kujificha. Kuna mtumba, kilichotolewa katika gari jingine. Na cha tano ni feki: kilichotengenezwa na asiyejulikana, kikavikwa jina la mwingine.

Tofauti kati ya cha tatu na cha tano ndiyo ninayotaka ibaki kichwani mwako. Mbadala ni bidhaa. Feki ni uongo. Mbadala waweza kuwa mzuri au mbaya, lakini una mwenyewe, na mwenyewe akiharibu jina lake anapoteza wateja. Feki haina mwenyewe. Ikikuua, aliyeitengeneza hana hasara, maana jina linalochafuka si lake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Feki haina haja hata ya kujitembeza: inavaa kanzu ya kizuri na kukaa kitako.

Tofauti hii ilipimwa mahakamani, na kesi yake inatuhusu kwa sababu kampuni iliyohusika tuliijua sana. British Leyland, ambayo jina lake lilikuwa kwenye mabasi na malori mengi ya Afrika Mashariki, iliishtaki kampuni ya Armstrong kwa kutengeneza mabomba ya moshi ya gari la Morris Marina. Leyland ilisema mchoro wa bomba ni mali yake, na anayetaka kulitengeneza aombe ruhusa na alipe. Armstrong ilikataa kulipa. Mwaka 1986 shauri lilifika katika Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Malodi waliamua kwamba anayenunua gari ananunua pamoja nalo haki ya kulitengeneza. Bomba la moshi huoza kwa kutu na hubadilishwa mara kadhaa katika maisha ya gari, na mwenye gari hawezi kufungwa kwenye duka moja. Leyland ikashindwa. Nchini Marekani nako sheria ya mwaka 1975 ilikuwa imekwisha kumkataza mtengenezaji kufuta dhamana ya gari kwa sababu tu mteja ametumia kipuri cha jina jingine.

Ona vizuri kilichoamuliwa. Armstrong haikupewa ruhusa ya kuandika Leyland kwenye bomba lake. Ilipewa ruhusa ya kutengeneza na kuuza bomba lake. Haki ya kuiga umbo ni jambo moja. Haki ya kuiba jina haipo.

Kwa nini ninasema jambo hili ni la roho? Nitatoa mfano mmoja tu, wa breki. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Lori lililobeba shehena likiteremka mlima Kitonga, kule Iringa, mwendo wote ule unageuzwa kuwa joto katika sehemu ndogo ya breki kwenye kila gurudumu. Lainingi nzuri ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa vyuma na gundi maalumu, uliopimwa ili uendelee kushika hata ukiwa wa moto sana. Lainingi ya feki inafanana nayo kwa rangi na kwa umbo, na mjini, kutoka taa hadi taa, inashika vizuri. Ndiyo maana fundi wako anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba hana tatizo nayo. Lakini katikati ya mteremko gundi inaungua, uso unateleza kama kioo, na dereva anakanyaga pedali mpaka chini huku gari likizidi kukimbia. Jaribio la kweli la kipuri hicho linafanyika mahali ambapo hakuna nafasi ya kukirudisha dukani.

Wala nisieleweke kwamba jina kubwa ni kinga ya kila kitu. Kwa miaka mingi lainingi za makampuni yenye sifa duniani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake lilivutwa na mafundi waliokuwa wakipuliza ngoma za breki kwa mdomo. Zilikuwa jenuini kabisa. Kilichoziondoa katika nchi nyingi ni uchunguzi na sheria.

Sheria kwetu zipo, na baadhi ni za siku nyingi. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963. Shirika la Viwango, TBS, liliundwa mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilituletea Tume ya Ushindani, FCC, ambayo leo ndiyo inayowinda bidhaa bandia. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Makontena yanakamatwa, bidhaa zinateketezwa, tunazionyesha kwenye taarifa ya habari. Lakini mkaguzi akiteketeza kontena moja bandarini, boksi tupu la jenuini bado lina mnunuzi wake mitaani, na anayelinunua hanunui ili awekee sukari.

Na hapa nifike kwenye kidonda chenyewe. Katika nchi yetu anayechagua kipuri mara nyingi si yule atakayepanda gari. Tajiri wa daladala anataka hesabu yake jioni. Dereva, kama tengenezo ni la kutoka mfukoni mwake, atatafuta cha bei ya chini kabisa. Fundi anatumwa dukani peke yake, na muuzaji anampa cha juu kidogo kwa kumletea mteja, kwa hiyo bei kwenye risiti, kama risiti ipo, si lazima ifanane na kilichomo kwenye boksi. Mwisho wa mnyororo huo yuko mama aliyekaa kiti cha dirishani na mtoto mapajani, ambaye hakuulizwa "jenuini au Dubai?" na hata hivyo ndiye aliyewekewa dau.

Ndiyo sababu nasema swali la kaunta limekosewa tangu mwanzo. Badala ya kuuliza kipuri kimetoka nchi gani, tuulize: nani atakijibia kikiharibika? Wakala anakijibia, na sehemu ya bei yake kubwa ni gharama ya kujibu huko. Kampuni ya mbadala yenye jina lake inakijibia. Muuzaji anayekuandikia risiti yenye jina la duka, jina la kipuri na namba yake anakijibia. Asiyetaka kuandika chochote amekwisha kukuambia jibu lake.

Kwa mwenye gari mwenye kipato cha kawaida, ushauri wangu si kwamba anunue kila kitu kwa wakala. Wengi wetu hatuna uwezo huo, na historia niliyoieleza inaonyesha kwamba si lazima. Taa, vioo, vitasa vya milango, madigadi na bampa waweza kununua mbadala au mtumba bila kukosa usingizi. Plagi, filta na beringi nunua za kampuni zinazojulikana, kwa jina lao wenyewe, katika duka linalokubali kurudishiwa. Lakini breki, usukani, boli joint, tairodi na mipira ya breki usivifanyie mzaha wa bei. Wala usinunue mtumba wa kitu cha mpira, maana mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Ukikosa fedha za kipuri cha breki kinachoaminika, gari likae juu ya mawe. Tuliwahi kukaa hivyo miaka mingi kwa kukosa, na hatukufa. Tunaweza kukaa wiki mbili kwa hiari.

Ukimaliza kununua, lichane boksi kabla hujatoka dukani. Chuma kikuukuu kilichotolewa garini dai uonyeshwe. Risiti dai iandikwe. Nawe mwenye daladala au basi la mkoani, gharama ya breki ilipe mwenyewe, usimtupie dereva. Nao wakaguzi wa magari wasiishie kuuliza kama breki zinashika pale uwanjani. Waulize pia karatasi ya breki hizo: zilinunuliwa wapi, lini, na nani aliyeziuza.

Miaka 40 iliyopita tulikuwa radhi kununua bila kuuliza kwa sababu hapakuwa na cha kuchagua. Leo maboksi yamejaa mpaka darini. Kunyamaza mbele ya kaunta iliyojaa hakuna udhuru tena.

Nawatakia safari njema, na tukutane tena wiki ijayo.